Mama ni yule aliyezaa? Historia ndefu ya kutafuta mtoto, kutoka Fizi hadi maabara

Baraka, Fizi – Katika mji wa Baraka na vijiji vya kando ya ziwa Tanganyika, mwanamke akizaa mtoto wa kwanza, jina lake mwenyewe linaanza kupotea midomoni mwa watu. Anakuwa Mama Furaha, Mama Amisi, Mama Riziki. Ndilo jina la sokoni, la kanisani na la kwenye matanga. Asiyezaa anabaki na jina lake la usichana, au anaitwa bibi ya fulani. Hakuna anayemtukana mbele ya watu, lakini ukoo ukikutana anajua kiti chake kiko wapi.

Wapo wengine ambao hawakukosa mimba. Walibeba, wakafika siku yao, uchungu ukazidi siku moja na ya pili kijijini, kisha wakapakiwa kwenye pikipiki au kitanda cha kubebwa mabegani hadi hospitali. Walipofika, kizazi kilikuwa kimepasuka. Daktari hana nafasi ya kungoja baraza la ukoo: anaondoa kizazi ili mama abaki hai. Mama anarudi nyumbani mzima, mara nyingine bila mtoto, na habari ya kwamba hatabeba mimba tena inamfuata nyuma.

Kwa mwanamke kama huyo, sayansi ya leo ina neno la kusema. Kizazi kimeondoka, lakini mayai yanaweza kuwa yamebaki. Yai lake likikutanishwa na mbegu ya mumewe katika maabara, linaweza kupandikizwa katika tumbo la mwanamke mwingine, naye akabeba mimba ile na kuzaa. Anayebeba anaitwa mama mbebaji. Baraka haina maabara ya namna hiyo, lakini habari zake zinafika kwa simu, na kwa ndugu walio Kampala, Nairobi na Marekani. Zikifika, zinaleta swali moja: mama ni nani, aliyetoa yai au aliyezaa?

Swali hilo si geni. Maabara ni mpya, lakini mwanamke kuzaa kwa ajili ya nyumba ya mwingine ni jambo la kale sana.

Mtoto wa ukoo

Babembe, kama majirani zao wengi, wanahesabu ukoo kwa upande wa baba. Mahari ikitoka, iwe ni mbuzi au pesa, hailipii mwanamke peke yake. Inawafunga watoto atakaowazaa kwenye ukoo wa mume. Ndiyo maana tangu zamani ugomvi wa mtoto haukuulizwa kwanza kwa damu. Uliulizwa kwa mahari: ilitolewa na nani, na je, ilikwisha?

Kwa upande wa mama, lugha yenyewe inasema jambo lingine. Dada wa mama haitwi shangazi. Ni mama mkubwa au mama mdogo, na neno hilo lina kazi ndani yake. Dada aliyejaliwa watoto wengi anampa mmoja dada yake asiye naye. Mtoto anakua akijua wote wawili, na hakuna karatasi iliyoandikwa. Katika jamii nyingi za Afrika ya Kati na Mashariki, ilitokea pia kwamba mke akikosa mtoto, ukoo wake ulimtuma mdogo wake azae katika nyumba ileile, ili ndoa isivunjike na mahari isirudishwe.

Mambo hayo yaliokoa ndoa nyingi. Lakini ikumbukwe kwamba yule mdogo aliyetumwa hakuulizwa daima kama anataka.

Sara, Hajiri na nyumba ya Sultani

Wakristo wa Fizi wanaijua habari ya Sara katika kitabu cha Mwanzo. Sara hakuwa na mtoto, akampa Ibrahimu kijakazi wake Hajiri ili apate mtoto kupitia kwake. Raheli naye alimtoa Bilha kwa Yakobo, na mtoto alipozaliwa, Raheli ndiye aliyempa jina. Bilha hakupewa neno la kusema. Hajiri alimaliza habari yake jangwani na mtoto wake, maji yamekwisha katika kiriba, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amepata mtoto wake mwenyewe.

Upande wa pwani, ambako Kiswahili kilianzia safari yake ya kuja ziwani na misafara ya biashara, kulikuwa na desturi ya suria. Sultani Said bin Sultan wa Zanzibar, aliyekufa 1856, alikuwa na mke mkuu, Azza bint Seif. Bi Azza alitawala nyumba, na wote walimheshimu, lakini hakuzaa. Watoto wa Sultani waliomrithi walitoka kwa masuria, wanawake walionunuliwa. Mmoja wa watoto hao, Salma, aliyezaliwa 1844 kwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi, baadaye aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete na kuandika kumbukumbu za maisha hayo. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alikuwa huru, mwenye jina na urithi wa baba.

Watu wa ziwa Tanganyika waliijua biashara hiyo kwa upande wake mchungu. Wakati Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, ng'ambo ya pili ya maji kutoka Fizi, wasichana wa bara walikuwa wakichukuliwa kwenda pwani. Baadhi yao walizaa watoto wenye majina makubwa, katika nyumba ambazo hawakuzichagua.

Ng'ombe za Tarime

Kuna njia nyingine, na hii bado iko hai. Katika mkoa wa Mara, Tanzania, Wakurya wana desturi inayoitwa nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe na kuoa mwanamke kijana. Hawalali pamoja kama mume na mke. Kijana anatafutiwa au anajitafutia mwanaume, anazaa, na watoto ni wa nyumba ya yule mama aliyetoa ng'ombe. Wanarithi shamba lake na kumzika. Wanandi wa Kenya wana desturi inayofanana nayo.

Kwa macho ya leo, hapa ndipo mtu anaona ukaribu mkubwa na mama mbebaji: mmoja anazaa, mwingine anakuwa mwenye mtoto, na makubaliano yanajulikana kabla ya mimba. Tofauti ni kwamba yule aliyezaa hafukuzwi. Anabaki ndani ya nyumba, na watoto wanakua mikononi mwake.

Lakini sheria za serikali zimeitazama desturi hii kwa macho mawili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inasema ndoa ni ya mwanaume na mwanamke, kwa hiyo haiitambui. Nchini Kenya, mwaka 2011, Mahakama Kuu ya Mombasa ilipata kesi ya urithi wa mama mmoja wa Kinandi aliyekuwa ameoa kwa desturi. Jaji Jackton Ojwang aliikubali ndoa ile kama desturi ya Wanandi, na mjane pamoja na watoto wakahesabiwa kuwa familia ya marehemu. Tanzania mjane wa namna hiyo hana mlango kama huo katika sheria ya ndoa.

Chupa ya Oldham na nyanya wa Tzaneen

Tarehe 25 mwezi wa saba 1978, katika mji wa Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown. Mirija ya mama yake ilikuwa imeziba. Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy walitoa yai, wakalikutanisha na mbegu katika chombo cha maabara, kisha wakalirudisha tumboni mwa mama yuleyule. Edwards alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2010. Wenzake wawili walikuwa wamekwisha kufa.

Mirija kuziba ni habari inayoihusu Afrika kuliko wengi wanavyodhani. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba wanawake wengi wa Afrika waliokosa mtoto walikuwa na madhara ya maambukizi: magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, au homa baada ya kuzaa au kuharibika kwa mimba. Kwa maneno mengine, ugumba mwingi wa huku ungeweza kuzuiwa kwa dawa ya bei ndogo iliyofika mapema. Si laana, na mara nyingi shida iko kwa mwanaume pia.

Baada ya Louise Brown, hatua iliyofuata ilikuwa fupi. Kama yai linaweza kukaa nje ya mwili, si lazima lirudi tumboni lilikotoka. Mwaka 1986, Marekani, mwanamke mmoja alizaa mtoto ambaye hakuwa na damu yake. Yai lilikuwa la mama mwingine, ambaye kizazi chake kilikuwa kimeondolewa.

Mwaka uliofuata habari kama hiyo ikatoka Afrika. Huko Tzaneen, Afrika Kusini, binti mmoja alikuwa amezaa mtoto mmoja, kisha kizazi chake kikaondolewa. Mama yake mzazi, Pat Anthony, mwenye umri wa miaka 48, alikubali kumbebea. Tarehe 1 mwezi wa kumi 1987 alizaa mapacha watatu kwa njia ya kupasuliwa, mjini Johannesburg. Hivyo nyanya aliwazaa wajukuu wake. Magazeti ya dunia yote yalikimbilia habari hiyo, na mapadri, wanasheria na madaktari wakabishana. Kwa sheria ya wakati ule, aliyezaa ndiye aliyekuwa mama. Afrika Kusini ilikaa zaidi ya miaka 20 hadi sura ya mama mbebaji katika Sheria ya Watoto ilipoanza kutumika mwezi wa nne 2010. Sheria hiyo inadai makubaliano yathibitishwe na Mahakama Kuu kabla ya mimba kupandikizwa, na inakataza kumlipa mbebaji zaidi ya gharama zake.

Katika nchi jirani, kazi ya maabara ilianza polepole. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa maabara mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006.

Mahakama zajibu, kila moja kivyake

Marekani yenyewe haikukubaliana. Katika kesi ya Baby M, mwanamke aliahidiwa dola 10,000 abebe mimba kwa yai lake mwenyewe, kwa ajili ya mume na mke wengine. Alipozaa mwaka 1986, moyo ulimkatalia kumtoa. Mwaka 1988 Mahakama ya juu ya New Jersey ilisema mkataba wa malipo hauna nguvu, na yule aliyezaa ni mama kisheria, ingawa mtoto alibaki kulelewa na baba. Mwaka 1993 mahakama ya juu ya California, katika kesi ambayo yai lilikuwa la mke mwenyewe aliyepoteza kizazi, ilisema mama ni yule aliyekusudia tangu mwanzo kumpata na kumlea mtoto. Uingereza, kwa sheria yake ya 1990, ilishika njia nyingine: aliyezaa ni mama, hata kama yai si lake, mpaka mahakama ihamishe haki hiyo.

Nairobi nako swali lilifika mwaka 2014. Mwanamke mmoja aliwabebea mimba mume na mke, mapacha wakazaliwa, na hospitali ikauliza jina la nani liandikwe kama mama. Maafisa wa watoto waliitwa, na mapacha wakapelekwa katika kituo cha watoto, mbali na wote watatu waliokuwa wamewangojea. Jaji David Majanja aliona kwamba haikuwapo sababu ya kuwachukua, na kwamba haki za watu wale zilivunjwa. Alisema pia kwamba nchi haikuwa na sheria juu ya jambo hilo, na kazi hiyo ni ya Bunge. Mbunge Millie Odhiambo amepigania muswada huo kwa miaka mingi. Uganda, mbunge Sarah Opendi alipeleka wake mwaka 2023. Rwanda, mwaka 2025, ilipitisha sheria ya huduma za afya inayoruhusu njia hiyo.

Viongozi wa dini nao wamesema. Kanisa Katoliki lilikataa katika waraka wa 1987, na likarudia mwezi wa nne 2024. Kwa Waislamu, baraza la wanazuoni huko Makka liliwahi kukubali mwaka 1984 kwamba mke mwenza anaweza kumbebea mwenzake wa mume mmoja, lakini mwaka uliofuata likaliondoa neno hilo. Shida ilikuwa ileile: nasaba ya mtoto ingefuata tumbo gani?

Kwa sheria ya Kongo

Serikali ya wakoloni wa Kibelgiji ilitaka familia ya mume mmoja na mke mmoja. Dekreti ya tarehe 4 mwezi wa nne 1950 ilikataza ndoa mpya za wake wengi kuanzia 1951. Kwa mwanamke asiyezaa, jambo hilo lilikuwa na pande mbili. Hakuwekewa mke mwenza kwa halali, lakini mume akitaka mtoto, alimwacha au alizaa nje.

Sheria ya Familia ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, ilijaribu kuwalinda watoto hao. Kifungu cha 591 kinasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe wa ndani ya ndoa au wa nje. Kuhusu mama, sheria hiyo ni fupi zaidi: umama unatokana na kuzaa. Hakuna sura ya mama mbebaji.

Maana yake ni hii. Dada akimbebea dada yake mimba huko Kampala, kisha akaja kuzaa katika maternite ya hapa, mnesi ataandika jina la aliyezaa. Karatasi hiyo itakwenda ofisi ya eta sivile, ambako mtoto anatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90, na mama wa sheria atakuwa yule aliyezaa. Mwenye yai hana jina popote. Njia inayobaki kwake ni kumchukua mtoto wa damu yake mwenyewe kama mtoto wa kulea, mbele ya mahakama ya watoto. Mume akifa au ukoo ukigombana kabla ya hapo, hana cha kuonyesha.

Na mbebaji naye yuko hatarini. Mimba ikimharibikia, au mtoto akizaliwa na kilema na waliomtuma wakamkimbia, mkataba wa mdomo hautamsaidia. Mahali ambapo dola mia moja ni pesa ya miezi mingi, ni rahisi kujua nani atakubali kubeba na nani atalipa.

Kutoka Nyarugusu hadi kipimo cha damu

Watu wa Fizi wamekwisha kukutana na swali hili kwa njia nyingine. Vita vya 1996 viliwavusha maelfu ya familia ziwa, na kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu, Kigoma, ilifunguliwa mwaka huohuo. Watoto wengi walivuka na mama mdogo au nyanya, si na aliyewazaa. Kambini waliandikwa kama watoto wake, na kwa desturi ya Fizi huo haukuwa uongo.

Lakini safari ya Marekani ina masharti yake. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilianza kupima damu za wakimbizi waliotaka kuunganishwa na ndugu, kwanza Nairobi, kisha nchi nyingine. Familia nyingi hazikupita, au zilikataa kupimwa, na mpango huo wa kuunganisha familia ukasimamishwa. Ulipofunguliwa tena mwaka 2012, kipimo cha uzazi kilikuwa sharti kati ya mzazi na mtoto. Kwa kipimo hicho, mama mdogo aliyelea tangu siku ya kwanza si mama.

Hivyo mtoto mmoja anaweza kuwa na majibu mengi. Kwa ukoo, ni wa mahari. Kwa eta sivile ya Kongo, ni wa aliyezaa. Kwa kipimo cha Marekani, ni wa mwenye yai. Kwake mwenyewe, ni wa yule aliyemwogesha na kumtafutia unga.

Kazi iliyo karibu

Wabunge wa Kinshasa wana mifano kandokando yao: Afrika Kusini iliyoweka hakimu mbele ya mimba, na Kenya iliyowaona mapacha wakichukuliwa kwa sababu sheria haikuwapo. Si lazima mtu aipende njia ya mama mbebaji ili kuona kwamba mtoto akizaliwa kwayo, anahitaji jina la mama kwenye karatasi yake.

Kwa Fizi, hata hivyo, kazi kubwa iko karibu zaidi kuliko maabara. Kizazi kinachopasuka njiani kutoka Lulenge au Ngandja kingepona kama barabara ingepitika na mama angefika mapema. Homa ya uzazi ingetibiwa kabla ya kuziba mirija. Na mtoto aliyetolewa kwa dada, kama ilivyofanyika tangu zamani, angepelekwa mahakama ya watoto na eta sivile wakati wote wawili wako hai na wanapatana, kabla ya matanga kuwafikisha kwenye ugomvi.